Fremu ikiwa ya chuma, weka gurudumu la kaseti

Ukimpelekea fundi baiskeli ya mbio ya miaka ya 1980 ambayo gurudumu lake la nyuma limechoka, mara nyingi atakutafutia jingine la aina ile ile, lenye habu (kitovu cha gurudumu) ya kufungia friwili, yaani seti ya meno ya gia yenye mtambo wa kuzunguka bure ndani yake. Nawaheshimu mafundi wetu, maana baiskeli nyingi za mtumba zingekuwa vyuma chakavu bila mikono yao. Kwa hili, hata hivyo, sikubaliani nao.

Tatizo ni ekseli. Friwili hukazwa kwa hesi juu ya habu, kwa hiyo gololi za kulia hubaki ndani kabisa, nyuma ya meno. Kuanzia hapo hadi kwenye fremu, ekseli haina kinachoishikilia. Kwa gia tano za zamani, nafasi hiyo ilikuwa fupi. Gia zilipofika sita na saba ikarefuka, na barabara zetu zenye mashimo hazina huruma. Ekseli hupinda, kisha hukatika, na mwenye baiskeli anaweza kuendelea kupanda bila kujua, kwa sababu ule msumari mrefu wa kubania unaopita katikati unashikilia vipande vyote viwili. Anaona tu breki inagusa ringi upande mmoja. Siku ya kufungua gurudumu ndipo nusu ya ekseli inapotoka mkononi.

Habu ya kaseti, ambayo mtambo wa kuzunguka bure umo kwenye habu yenyewe na kaseti ni meno tu yanayochomekwa juu yake, na ambayo Shimano, kampuni ya Kijapani ya vipuri vya baiskeli, walianza kuuza mwaka 1978, ilimaliza shida hiyo kwa kusogeza gololi za kulia hadi karibu na fremu. Tena spoku za upande wa cheni, ambazo ndizo hukatika zaidi kwa kuwa hukazwa kuliko za kushoto, zinafikika kwa urahisi, kwani kaseti hutoka kwa dakika chache. Friwili iliyokazwa na miaka ya kupanda vilima ni vita, na kila mtengenezaji alikuwa na kifungulio chake.

Utaambiwa gurudumu la kaseti halitaingia. Ni kweli kwamba fremu ya gia sita au saba ina uwazi wa milimita 126 nyuma, kati ya ncha mbili zinazoshika ekseli, na gurudumu la kaseti la gia nane hadi kumi linahitaji 130. Hiyo ni milimita mbili kila upande. Chuma kinakubali, unapanua kwa mikono huku unaingiza gurudumu, basi.

Fremu ya milimita 120 ndiyo inayotaka kazi ya kweli. Hapo lazima ipindwe ibaki hivyo, upande mmoja mmoja, kidogo kidogo. Kisha chukua uzi, uufunge nyuma kulia, uzungushe mbele kwenye bomba la usukani, uurudishe nyuma kushoto, uuvute ukaze. Pima kutoka uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo visipolingana, upande mmoja umepinda kuliko mwenzake na baiskeli haitakwenda sawa. Fundi asiyejua kipimo hiki asiguse fremu yako. Akimaliza, ahakikishe pia zile ncha mbili zinazoshika ekseli zinatazamana sawasawa, la sivyo ekseli mpya nayo itapinda.

Gia zisikutishe. Vibadilishio vya zamani vya kwenye bomba la chini, vile visivyo na hatua, vinafuata kaseti yoyote. Kaseti ya gia saba inakaa kwenye habu ya gia nane ukiweka pete ya milimita 4.5 nyuma yake, na cheni ni ile ile.

Angalia saizi ya ringi pia. Baiskeli nyingi za zamani zilitumia inchi 27, yaani ringi ya milimita 630, wakati 700C, saizi ya kawaida ya magurudumu ya mbio ya sasa, ni 622. Raba za breki zitashuka milimita nne, kwa hiyo tazama kama mikono ya breki ina nafasi hiyo kabla hujatoa pesa.

Fremu za alumini na kaboni hazimo katika haya yote. Hizo hazipanuliwi hata kwa milimita hizo mbili, kwa sababu zitapasuka, na zinaweza kupasuka ukiwa umeshaingia barabarani. Mwenye fremu hiyo atafute gurudumu lenye upana ule ule wa fremu yake, hata kama ni la friwili.