Mwalimu, Bodaboda Si Kosa

Mtoto wa Kisumu anaandika "bodaboda" kwenye insha, mwalimu anakata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake "pikipiki". Kosa hapo ni la mwalimu, na linauma.

Pikipiki ni chombo. Ya mkulima anayepeleka maziwa ni pikipiki, ya polisi pia. Bodaboda ni kazi: steji, abiria, nauli. Baiskeli yenye kiti cha sponji juu ya keria, inayombeba mama na gunia lake sokoni Busia, ni bodaboda ingawa haina injini. Ukimlazimisha mtoto aiite pikipiki, umemfundisha kusema uongo.

Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndiko neno lilikotoka, miaka ya 1960. Gari linakushusha lango la Kenya, lango la Uganda liko mbele, na waendesha baiskeli wanakuita wakuvushe: boda, boda! Mpaka hadi mpaka. Kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa Kenya 2008, jina likashika kwenye injini na kusambaa mno.

Kwa Kiingereza ni "border". R zote mbili zimekwenda wapi? Waingereza wengi wenyewe hawazitamki, na mwisho ule sisi huutia a: dereva, spana, lita. Hayo hayakatwi kwa wino mwekundu. Na chimbuko la mbali la "border" si mpaka wa nchi. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa karne ya 14, likimaanisha ukingo, kama wa nguo. Tandaza leso: ule urembo unaozunguka mji na jina, yaani pindo, ndio "border". Maana ya mpaka wa nchi ilikuja karne ya 16, pale Uskoti inapopakana na Uingereza.

Sarufi nayo imeshalipokea. "Bodaboda imeharibika" ni chombo. "Bodaboda ameharibikiwa" ni mtu. "Bodaboda wamegoma", hakuna anayedhani ni magurudumu yaliyogoma. Upatanisho peke yake unatosha kutenganisha, na hata mtoto wa darasa la pili hakosei. Liandikwe neno moja, bila nafasi katikati, kama pikipiki na polepole.

Haya, kwenye fomu ya bima au leseni andika pikipiki, kwa sababu kinachosajiliwa ni chombo. Lakini mtoto akiandika "Bodaboda alinifikisha shuleni saa moja", mwalimu, hapo hakuna cha kusahihisha.