Nani Atawasikia Watunzi Wapya wa Tanga na Bagamoyo?

Kwa muda mrefu, mtunzi wa Tanga aliyetaka wimbo wake usikike mbali alikuwa na njia chache sana: ama afike Dar es Salaam na kukubaliwa kurekodi katika studio ya Redio Tanzania, ama avuke mpaka kwenda Mombasa au Nairobi, walikokuwa wenye kampuni za santuri. Kwa njia hizo bendi za Tanga za Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star na Lucky Star zilijulikana nje ya mkoa, na sauti ya Shakila Said ikapendwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Tanga. Bagamoyo nako hakukuwa na wepesi, ingawa mji huo umekuwa na Chuo cha Sanaa tangu 1981, ambacho leo kinaitwa TaSUBa. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefanya Bagamoyo makazi yake hadi alipofariki mwaka 2003, aliwafikia wasikilizaji wa Ulaya kupitia kampuni ya Real World ya Uingereza na majukwaa ya matamasha. Aliyekosa wa kumshika mkono namna hiyo aliishia kuimba harusini na kumbini.

Leo kijana anayetunga na kuimba nyimbo zake mwenyewe hahitaji ridhaa ya redio wala ya lebo ili wimbo wake upatikane. Anaurekodi katika studio ndogo ya mtaani, anaupandisha YouTube au Audiomack, au anaukabidhi kwa kampuni ya usambazaji inayoufikisha kwenye huduma za muziki mtandaoni za Boomplay na Spotify, hii ya pili ikiwa imeanza kutoa huduma nchini mwaka 2021. Faida hii ni kubwa, na sikubaliani na wanaosema kwamba enzi za redio moja zilikuwa bora kwa sababu nyimbo zilichujwa. Tunazikumbuka nyimbo zilizopita kwenye chujio. Waliorudishwa mlangoni hawakuacha mkanda wowote, kwa hiyo hatuna namna ya kujua tulipoteza nini. Msikilizaji naye amefaidika, maana mtu wa Tanga anayeishi Muscat anaweza kumsikia mtunzi wa mtaa wa Ngamiani, Tanga, siku ileile wimbo unapotoka.

Hata hivyo, kupatikana na kusikika ni mambo mawili tofauti, na hapa ndipo hoja ya upande wa pili inapokuwa na uzito. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa pale tu unapofikisha sekunde 30, na mifumo inayowapendekezea watu nyimbo hufuatilia nani ameuacha wimbo njiani na nani ameumaliza. Chukua utunzi wa taarabu kwa mtindo uliolelewa Tanga: ala hutangulia, gitaa na kinanda vikapokezana, na mwimbaji huenda asifungue kinywa kabla ya dakika moja kupita. Sekunde 30 zinapotimia, msikilizaji mgeni hajasikia neno hata moja. Vivyo hivyo kwa mtunzi wa Bagamoyo anayeanza kwa zeze peke yake kisha akaujenga wimbo taratibu, na kwa yeyote anayeficha kiini cha fumbo lake katika ubeti wa mwisho. Mtunzi wa aina hii hushawishika kukata utangulizi na kuweka kiitikio mbele. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa nidhamu njema ya utunzi, na kwa nyimbo za kuchezwa huenda wana haki. Kwa utunzi wa mafumbo mimi naliona kuwa hasara, kwa sababu fumbo linalofumbuliwa mwanzoni halimpi msikilizaji kazi yoyote ya kufanya.

Kuhusu fedha, tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mrabaha kwa wimbo ambao haukusikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia. Wenye huduma hutetea kwamba senti za nyimbo hizo zilikuwa ndogo mno, na mara nyingi hazikumfikia msanii. Hoja hiyo inaeleweka, lakini tuitazame kwa macho ya hapa nyumbani: 1,000 ni sawa na watu 100 kuusikiliza wimbo mara 10 kila mmoja kwa mwaka. Mtaa mmoja wa Tanga wenye watu wanaompenda kijana wao unaweza kufikisha idadi hiyo, ila mtaa huo hausikilizi kwa njia inayohesabika. Bando ni ghali, hivyo wimbo hupakuliwa na mtu mmoja na kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mara nyingi unafika kwenye simu ya nne au ya tano ukiwa faili lenye jina linaloanza na AUD na tarakimu za tarehe, bila jina la wimbo wala la mwimbaji. Watu wanaupenda, wanaupiga kwenye bajaji na saluni, na hakuna anayejua amtafute nani.

Kuna pia suala la kudumu kwa nyimbo zenyewe, ambalo naona halijadiliwi vya kutosha. Baadhi ya kampuni za usambazaji, DistroKid ikiwemo, hutoza ada ya kila mwaka, na mtunzi akiacha kulipa, nyimbo zake zinaweza kuondolewa isipokuwa amelipia huduma ya ziada ya kuzibakiza. Mikanda ya Redio Tanzania, pamoja na malalamiko yote ya wasanii kuhusu malipo, mingi ingali ipo.

Kwa maoni yangu, upungufu huu hautazibwa na mfumo wa kompyuta usioelewa Kiswahili cha mafumbo, bali na watu wanaokielewa. Mtangazaji wa redio ya mkoani Tanga anaweza kumtaja mtunzi kila anapopiga wimbo wake, tena atamke jina hasa analotumia mtandaoni, herufi kwa herufi likiwa gumu. Tamasha la kila mwaka la Bagamoyo linaweza kuandika majina hayo kwenye ratiba yake, ili aliyevutiwa jukwaani aweze kuutafuta wimbo akiwa nyumbani. Na sisi wasikilizaji tunaporushiana wimbo, tutume kiungo badala ya faili. Kwa asiye na bando la kuufungua, tuandike chini yake jina la aliyetunga na mji anakotoka.