Looff hakujificha Rufiji

Kila inapokaribia Septemba 20, hadithi inarudi ileile: Max Looff, mbweha wa Rufiji, nahodha mjanja wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Kwanza, aliyeificha manowari yake Königsberg kwenye mikoko na kuwahangaisha Waingereza miezi minane. Mbweha! Mbweha huingia shimoni na kutoka anapotaka. Looff aliingia mara ya mwisho kwa sababu mashine yake ilikuwa imevunjika, na hakutoka tena.

Ninachokasirikia ni kwamba watu wanasimulia kazi ya nahodha wa zama zile kana kwamba alikuwa nahodha wa jahazi. Königsberg haikwenda kwa upepo. Ilikuwa na boila 11, mashine mbili za mvuke, na bunkeri, yaani maghala ya makaa ndani ya meli, zenye nafasi ya zaidi ya tani 800. Kwa mwendo wa noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa, makaa hayo yangeifikisha maili zaidi ya 5,000. Lakini ukitaka mwendo maradufu, nguvu inayotakiwa hupanda karibu mara nane, na makaa hupanda nayo. Kwa hiyo Julai 31, 1914, Looff alipotoka Dar es Salaam na kuziponyoka manowari tatu za Kiingereza zilizokuwa zinamnyemelea, kila saa ya kukimbia ilikuwa deni. Wanaoimba ujanja wake hawataji nani alikuja kulilipa.

Na usidhani kupakia makaa ni kama kujaza mafuta kituoni. Meli mbili zinafungwa ubavu kwa ubavu, makaa yanajazwa magunia kwa koleo, yanavushwa kwa winchi, kisha yanasambazwa ndani kwa mikono. Mawimbi yakiwa makubwa, mbavu zinagongana na kamba zinakatika. Kwa hiyo unahitaji maji matulivu, mahali ambapo adui hapiti, na meli ya makaa iliyofika siku mliyoahidiana. Waingereza walilielewa hilo mapema, wakayanunua makaa yaliyokuwepo Msumbiji ili Mjerumani asipate hata gunia.

Agosti 6 aliikamata City of Winchester upande wa Oman, meli ya mizigo iliyobeba chai kutoka India. Ushindi, wanasema. Sawa, ushindi. Lakini alichokihitaji Looff ndani ya meli ile hakikuwa chai. Alichukua makaa yake, nayo yakawa ya India, duni: moto mdogo, masizi mengi. Masizi yanaganda kwenye boila, joto halipiti vizuri, unatupa makaa mengi zaidi upate mvuke uleule. Yaani hata alichoteka kilimla.

Kisha kuna jambo ambalo wapenzi wa mbweha hawaligusi kabisa. Bandari pekee kwenye pwani ile yenye karakana ya kumtosha ilikuwa Dar es Salaam. Agosti 8 manowari ya Kiingereza Astraea ilipokuja kuupiga mnara wa simu ya upepo, Wajerumani wenyewe walilizamisha gati lao la kuelea kwenye mlango wa bandari. Wakamfungia nje mtu wao! Ndiyo maana Rufiji. Meli ya upimaji Möwe ilikuwa imeipima mifereji ya delta, na ramani za Kiingereza hazikuonyesha kwamba meli kubwa hupita. Tumbo la Königsberg lilishuka majini zaidi ya mita tano, kwa hiyo meli iliingia maji yakiwa yamejaa.

Shambulio la Septemba 20 pale Unguja nalikubali, kwa shingo upande. Manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga, mashine zake zikitengenezwa. Mizinga yake haikufika kule ilikofyatua Königsberg. Kazi safi. Kumpiga aliyelala si ushujaa mkubwa, ila vita si ngoma.

Mara tu baada ya hapo mashine moja ya Königsberg ikavunjika. Looff alikuwa anaazimia kurudi Ulaya kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa mashine moja hilo halifikiriki. Akarudi Salale, ndani ya delta ya Rufiji. Vyuma vilivyovunjika vikafunguliwa na kupelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, zaidi ya kilomita 100 za tope, mchanga na mito, vikiburutwa na watu kwenda na kurudi. Kama mnatafuta shujaa wa Rufiji, anzeni na hao, ambao ngozi za mabega yao zililipia mashine ya mfalme wa Ujerumani. Na mashine ilipona! Lakini Oktoba 30 manowari ya Kiingereza Chatham ilikuwa imeshaiona Königsberg. Novemba Waingereza wakaizamisha meli yao Newbridge kwenye mfereji mmoja ili kuuziba.

Kuhusu Julai 1915, manowari za Kiingereza Severn na Mersey, zilizojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil, zilipita kwenye kina kisichofika mita mbili, na ndege iliwaelekeza wapiga mizinga. Tarehe 6 walishindwa, tarehe 11 wakafaulu. Looff alijeruhiwa, akaamuru meli ilipuliwe. Mizinga yake kumi iliopolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, watu wanaupiga picha. Ugomvi wa Looff na Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani la nchi kavu, juu ya nani mkubwa nauacha.

Ila mwisho wa Looff kama baharia haukuwa Julai. Ulikuwa Aprili mwaka uleule, kwenye ghuba ya Manza karibu na Tanga. Meli Rubens ilikuwa imetoka Ujerumani, imezunguka kusini mwa Afrika kwa bendera ya Denmark, imebeba makaa ya Königsberg. Admirali wa Kiingereza King-Hall mwenyewe, ndani ya manowari Hyacinth, aliikuta na kuipiga mlangoni. Bunduki na risasi Wajerumani waliziopoa, zikaenda kwa jeshi la nchi kavu. Makaa ya Looff hayakufika Rufiji.