Mjumbe wa Viti Maalumu

Mtaani wananiita Viti Maalumu, na si kwa heshima. Mimi nakodisha maturubai na viti vya plastiki, misiba kwa vipaimara. Siku ilipoundwa kamati shirikishi ya kuuokoa Mto Msimbazi kwenye kipande chetu, mwenyekiti wa mtaa alihitaji viti thelathini na fungu la viti halikuwepo. Basi nikapendekezwa kuwa mjumbe, mwakilishi wa wananchi. Makofi! Hadi leo sijalipwa hata kiti kimoja, maana mjumbe akiidai kamati yake ni mgongano wa masilahi. Neno hilo nilifundishwa siku hiyohiyo.

Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Mto unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita kwa watu na kila mtu anautia chake, hadi unafika baharini pale Daraja la Selander umebeba pampasi, matairi na kandambili za mguu mmoja. Desemba 2011 ulifurika, watu wapatao 40 wakapoteza maisha Dar es Salaam. Kwa hiyo watu wa serikali kukaa meza moja na sisi, mimi naunga mkono. Shida ni nani anakuja kukaa.

Kikao cha kwanza walikuja wakubwa. Cha pili wakaja wasaidizi wao. Cha tatu akaja kijana wa mafunzo kwa vitendo, ana barua ya kumwakilisha mtu anayemwakilisha mtu. Sasa kila kikao tunaanza na utambulisho, halafu tunawaeleza wageni mto unaanzia wapi. Mimi Pugu naijua kuliko waliozaliwa Pugu. Mto wenyewe hatujawahi kuushusha kupita Vingunguti kabla chai haijafika.

Siku moja nikanyoosha mkono: zile taka zilizoziba chini ya kivuko atazitoa nani? Mtu wa maji akasema maji ndiyo yake, taka hapana. Mtu wa usafi akasema taka ikiwa barabarani ni yake, ikishaingia mtoni imehama. Mtu wa barabara akapekua makaratasi, kumbe kivuko chetu hakimo kwenye orodha ya vivuko. Nimekivuka miaka kumi na tisa, jamani, kumbe nilikuwa naelea. Mtu wa madini yeye alifuata habari za wachimba mchanga tu, akaomba ruhusa, ana kikao kingine.

Na wote wana neno moja: "Mzee wangu, nalichukua." Kila ninachouliza kinachukuliwa. Kwa mambo yaliyochukuliwa mwaka huu, huu mtaa ungekuwa unang'aa.

Hata bonde lenyewe lilinichanganya. Mimi miaka yote najua naishi bonde la Msimbazi. Mtu wa maji akanisahihisha, kwamba kitaalamu tupo Bonde la Wami/Ruvu, moja ya mabonde 9 ya maji nchini. Mimi Ruvu naionea dirishani nikienda Chalinze.

Lakini siku ya kupima ndiyo iliniweza. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto. Sawa, tukatoka na futi kamba. Ukingo uko wapi? Bwana mmoja akazama matopeni hadi magoti, akasema hapa penye maji. Mwenzake, ambaye viatu vyake vilikuwa vipya, akasema ukingo ni pale juu palipomeguka masika. Kwa futi ya wa matopeni, banda langu la kuku liko mita 63, mimi raia mwema. Kwa futi ya wa viatu liko mita 52, mimi mvamizi.

Mke wangu katoka na ungo wa mchele: "Baba Zuhura, kuku wahame au wakae?"

Wa viatu akamuuliza, "Mama, banda hili ni la kudumu?"

"Baba, hata kuku si wa kudumu. Wawili wameondoka Idi."

Akaandika. Nilichungulia daftari kwa macho yangu: *mmiliki anadai kuku si wa kudumu.* Kisha wakapiga X nyekundu kwenye bati la banda, wakashauriana kando, wakarudi wakaweka alama ya kuuliza pembeni yake. Hadi leo ipo, wapita njia wanapiga picha.

Kikao kilichofuata tuliambiwa saa mbili kamili asubuhi, kuna mkubwa anakuja. Nikapanga viti tangu jioni. Usiku mvua ikanyesha, mto ukapanda, ukaondoka na viti kumi na vinne. Kikao kikaahirishwa kwa sababu ya mafuriko.

Vijana wakaja kuniambia viti vyangu vimenasa chini ya kile kivuko kisichokuwepo. Nikapiga simu. Mtu wa maji akasema kiti cha plastiki mtoni ni taka. Mtu wa usafi akasema kitu chenye mwenyewe si taka, na mwenyewe si ndiye ninayeongea naye? Mtu wa barabara akaniuliza, kivuko kipi?

Nikashauriwa niandike barua kwa kamati, yaani nijiandikie. Nimeandika, kamati imeipokea na imelichukua. Itajadiliwa kikao kijacho, na nimeombwa niwahi na viti.