Amri ya “p” katika LLDB: kusoma kumbukumbu au kuita kompaila?

Umesimamisha programu ya C++ katikati na unataka kujua jambo dogo tu: oda hii ina jumla ya kiasi gani? Unaandika “p oda.jumla” (“p” ni “print”, yaani chapisha) kwenye LLDB, dibaga, yaani zana ya kusimamisha programu na kuchunguza yaliyomo ndani yake, unangoja. Mradi ukiwa mdogo hujui hata kama umengoja. Ukiwa na maelfu ya faili, jibu la kwanza linaweza kuchukua sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo hoja uliyokuwa ukiifuata inakuponyoka.

Chanzo kinajulikana. Kwa miaka mingi “p” ilipeleka kila mtajo, yaani kipande cha msimbo kinachotoa thamani kama “oda.jumla”, kwa Clang, kompaila kamili iliyomo ndani ya LLDB. Ili Clang iuelewe mtajo, LLDB huchota maelezo ya aina za data kutoka kwenye DWARF, rekodi ambazo kompaila huiachia dibaga ndani ya programu, na kuyajenga upya kwa umbo ambalo kompaila inalijua. Aina moja huvuta nyingine: mzazi wake, wanachama wake, violezo (template) vyake. Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya kusoma baiti nane ambazo tayari zipo kwenye kumbukumbu.

Ndipo ikapatikana “v”, ufupisho wa “frame variable”. Hiyo haigusi kompaila. Inatafuta anwani ya kigeu, inafuata nukta, mshale au mabano ya mraba, inasoma. Mwaka 2023, Xcode 15, zana za Apple za kuandikia programu, ilikuja na “p” iliyogeuzwa kuwa “dwim-print”: inajaribu kwanza njia nyepesi, ikishindikana inarudi kwa Clang.

Wanaotetea kompaila wana hoja nzito. Katika C++, alama ya kujumlisha inaweza kuwa funksheni iliyoandikwa na mtu, na kompaila pekee ndiyo inayojua kwa hakika ni ipi itaitwa. GDB, dibaga nyingine, ilichagua kuchambua mitajo kwa kichambuzi chake yenyewe. Hiyo ni nyepesi, lakini inalazimika kuziiga sheria za C++, na pale mwigo unapopungua, jibu nalo linapunguka.

Hata hivyo kompaila nayo haimalizi kazi. Andika “p watu.size()”: Clang inaukubali mtajo, kisha unaambiwa funksheni haipatikani, kwa sababu wakati wa kujenga programu ilimezwa ndani ya msimbo ulioiita na hakuna nakala yake iliyobaki ya kuitwa. Na ikipatikana, kuiita ni kuiendesha programu unayoichunguza. Ikikwama kwenye kufuli lililoshikwa na uzi (thread) mwingine, yaani mkondo mwingine wa kazi ndani ya programu hiyohiyo, kwa kawaida LLDB huziachia nyuzi zote ziendelee ili imalize. Hali uliyosimama kuitazama imeshasogea.

Kwangu mimi hilo ndilo linaloamua. Kusoma na kuendesha ni vitendo viwili tofauti, na kinachostahili kuwa cha kawaida ni kusoma. Kasi ni faida ya ziada. Ninachokipinga ni ukimya: “p” ya sasa huhama kutoka njia moja kwenda nyingine bila kusema. Ipo mipangilio ya “dwim-print-verbosity” inayoonyesha amri iliyotumika hasa. Ilipaswa kuwashwa tangu mwanzo, walau pale Clang inapoitwa.

Kuna mahali ambapo mabishano haya hayasaidii sana: alama ya kusimamia (breakpoint) yenye sharti, yaani inayosimamisha programu pale tu sharti linapotimia, tuseme “i == 900000” ndani ya kitanzi. LLDB hulikompaili sharti mara moja na kulihifadhi. Gharama iko kwingine. Kila mzunguko programu inasimama, mfumo endeshi unaiamsha dibaga, dibaga inasoma, inapima, inaiachia tena. Tangu toleo la 7.5 la mwaka 2012, GDB inaweza kulituma sharti kwa gdbserver, programu yake ndogo inayokaa kwenye kifaa kinachochunguzwa, lipimwe hukohuko, na kwa kifaa kilicho mbali hiyo ni nafuu kubwa, maana safari za kwenda na kurudi zinakatwa. Kusimama kwenyewe kunabaki. Kama mradi unajengeka kwa dakika moja, “if” iliyoandikwa ndani ya msimbo, na alama isiyo na sharti ndani yake, itakufikisha mapema kuliko dibaga yoyote kati ya hizi mbili.