Kabla hamjaamini ile voisi ya bwana harusi

Naambiwa ile voisi ya swahiba wangu bwana harusi, anayosimulia eti nilimng'ata mzee siku nilipomsindikiza kwenye posa yake, imeshafika hadi Singida. Dakika nne, na tatu na nusu yuko anacheka tu. Haya, msikilizeni na mwenye msiba.

Kwanza, sikumng'ata mzee. Hapo swahiba kaongeza chumvi.

Miwani mnaijua, nimewachosha nayo wiki tatu. Mtindo wa Lumumba: juu nyusi nene nyeusi, chini waya mwembamba umekumbatia kioo. Kampuni ya Shuron ya Marekani ilianza kuitoa 1947, ila huku kwetu tunaijua kwa picha za Patrice Lumumba, na sijaona uso mwingine ulioivaa ikakaa vile. Ya kwao nyusi ni plastiki. Mimi nikasema yangu ni pembe la ng'ombe, kazi ya mkono, kitu cha bei.

Na pembe lina adabu zake. Unalichemsha lilainike, unalipasua, unalibana kati ya vyuma vya moto linyooke kama ubao. Halafu linakaukia humo humo kwenye kibano. Ukilitoa na haraka zako linakumbuka lilivyozaliwa, linajikunja. Nyusi nilikata unene wa milimita 6, mikono ya kushika masikio milimita 4, urefu 145. Msumeno wa uzi upite milimita 2 nje ya mstari, zilizobaki mwachie tupa. Msasa nilianza namba 220, nikapanda 400, 800, hadi 2000 kwa maji. Bawaba nikazipigilia kwa riveti, siyo zile za kuchomeka na gundi.

Adui yake hapa Dodoma ni upepo wa kiangazi. Pembe na kucha ni ukoo mmoja: hewa ikikauka, linabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Dawa ni mafuta mepesi yasiyochacha, haya ya watoto yanafaa, matone mawili, unaliacha lilale nayo, asubuhi unafuta. Asubuhi ya posa chupa yangu tupu. Jikoni kwa mama kuna samli ya kienyeji. Nikapaka. Kufuta sikufuta vizuri. (Mafundi wenzangu, najua. Nyamazeni.)

Tukafika, kijiji kimoja upande wa Bahi. Salamu za Kigogo, mbukwenyi huku, mbukwenyi kule, tukala, tukakalishwa mkekani. Saa nane ya jua, samli ikayeyuka, miwani ikaanza kuteleza puani. Napandisha, inashuka. Mshenga anaeleza tulivyoona ua bustanini kwao, mimi napandisha. Mwisho nikaivua, nikailaza kando ya goti. Macho yangu ni hasi 4.50. Bila miwani, kwangu binadamu wote ni magunia.

Sasa hapa twende polepole, maana ndipo swahiba alipoharibu.

Nikasikia kitu kinanusa. Nyayo nyepesi. Halafu: kra.

Napapasa mkeka, hakuna kitu. Nikainua uso. Mbele yangu, hatua tatu, kuna kitu cha kahawia kimejikunyata chini chini, na mdomoni kina kijiti kirefu kinachezacheza. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Jamani, ule ni mkono wa miwani yangu! Nikaruka kwa magoti, nikakamata kijiti kwa mikono miwili, nikavuta. Kikagoma. "Achia! Achia, mbwa wewe!" Nikavuta tena, safari hii na mguu nimekita. Kile kitu kikaongea, taratibu, Kiswahili kimenyooka:

"Mwanangu, huu ni mswaki wangu."

Baba mzazi wa binti. Blanketi la kahawia, kigoda kifupi.

Hata kuku walinyamaza. Mswaki ninao mimi, umelowa, na sijui kama heshima ni kumkabidhi mkononi au kuurudisha pale nilipoutoa. Nikaanza kuurudisha. Wanangu, mkono ulifika nusu ya njia. Mama mmoja upande wa kina mama akatoa sauti kama buli linalochemka, akafunika uso kwa khanga. Na mbwa mwenyewe yuko nyuma yangu, chini ya mti, kamshika Lumumba kwa kucha mbili, anatafuna bila wasiwasi.

Mengine mafupi. Faini mbuzi mmoja, nimelipa mimi, posa imekubaliwa, harusi Desemba. Vioo vizima. Mkono wa kulia una alama za meno zenye kina cha nusu milimita, hizo tupa inazimaliza. Wa kushoto umepasuka tabaka hadi kwenye bawaba. Huo hauna gundi, nakata mpya.

Jana mzee kapiga simu. Anataka na yeye ya kusomea, mtindo ule ule, pembe atatoa mwenyewe. Kasema sharti ni moja tu: siku ya kuja kumpima, nije nimevaa yangu.