Mwaka Ulioandikwa Kwenye Nishani ya Kijerumani Usikudanganye

Mtu akinitumia picha ya Msalaba wa Chuma akaniambia ni wa 1813, namwomba augeuze, apige picha upande wa pili, kisha apige picha ya karibu ya pete yake, ile inayopitishwa utepe. Mara nyingi ubishi unaishia hapo. Nishani hiyo ilianzishwa na Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prusia tarehe 10 Machi 1813, wakati wa vita dhidi ya Napoleon, ikafufuliwa 1870, 1914 na 1939. Mara zote tatu, msalaba wa daraja la pili ulibaki na mwaka 1813 upande mmoja. Askari aliyepewa wake katika Vita vya Kwanza vya Dunia alipokea msalaba wenye taji, herufi FW, majani ya mwaloni na 1813 upande huu, na taji jingine, herufi W na 1914 upande ule. Muuzaji anayeonyesha upande mmoja tu anaweza kuizeesha nishani kwa zaidi ya miaka mia moja bila kusema neno la uongo.

Msimamo wangu ni kwamba umri wa nishani ya Kijerumani usomwe kwenye kazi ya fundi kwanza. Mwaka uliopigwa mbele ni kumbukumbu ya vita au ya mfalme. Hata alama ya kiwanda, ambayo wakusanyaji wengi wanaikimbilia, naona inapewa uzito kupita kiasi.

Chukua Msalaba wa Heshima wa Vita vya Dunia. Mbele umeandikwa 1914 na 1918, na wauzaji hupenda kusema ulivaliwa kwenye mahandaki ya Ufaransa. Haukuwahi kufika huko. Rais Hindenburg aliuanzisha tarehe 13 Julai 1934, na zaidi ya watu milioni nane walipewa. Nyuma yake mara nyingi kuna herufi za kiwanda, nazo ni za watengenezaji wa miaka ya thelathini. Ni nishani halisi na haina kosa lolote. Kosa ni la anayeipachika hadithi ya mahandaki ili bei ipande.

Fedha nayo ina ushahidi wake. Kuanzia 1 Januari 1888, sheria ya Ujerumani ilileta alama ya mwezi mwandamo na taji kwenye vitu vya fedha, pamoja na namba ya usafi wa madini, kwa mfano 800. Ukiikuta alama hiyo kwenye msalaba wa 1870, umeshajua kwamba haukutengenezwa wakati wa vita vya Prusia na Ufaransa vya mwaka huo. Hiyo haiufanyi kuwa bandia, maana wapo wapiganaji wa zamani walionunua msalaba wa pili kwa sonara, wa kuvaa kwenye sherehe. Lakini usiulipie bei ya ule aliokabidhiwa askari mwaka 1870.

Nishani za 1939 hadi 1945 ndizo zenye namba nyingi na mkanganyiko mwingi. Ofisi ya rais iliwapa watengenezaji wenye kibali namba zao: 4 ni Steinhauer & Lück wa Lüdenscheid, 65 ni Klein & Quenzer wa Idar-Oberstein. Kuanzia 1941 kukawa na mfumo mwingine wa namba zinazoanza na herufi L, kwa ajili ya nishani zilizouzwa madukani kwa watu waliokwisha kutunukiwa. Hivyo Steinhauer & Lück hao hao wanaonekana pia kama L/16. Ukiona L/16, una nishani iliyotengenezwa kwa ajili ya duka, na haiwezi kuwa imetangulia mfumo huo. Isiyo na alama yoyote nayo usiitupe, kwa sababu nyingi za mwanzoni mwa vita hazikupigwa chapa kabisa.

Sasa angalia tatizo la kutegemea alama peke yake. Steinhauer & Lück hawakufunga milango 1945. Sheria ya Ujerumani Magharibi ya tarehe 26 Julai 1957 iliruhusu nishani za vita kuvaliwa tena bila swastika, ile alama ya Wanazi, na kiwanda hicho kikatengeneza misalaba ya 1939 yenye majani ya mwaloni katikati. Kiwanda ni kilekile, mji ni uleule, mwaka mbele ni uleule, lakini kazi ni ya baada ya vita. Isitoshe, anayeghushi huanza na alama. Kuchonga namba ndogo kwenye pete ni kazi nyepesi kuliko kuunda msalaba mzima kama inavyotakiwa.

Ndiyo maana mimi huanza na muundo. Msalaba wa Chuma wa kawaida una vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na nusu mbili za fremu zilizolehemiwa pamoja kukizunguka. Ushike ubavuni kwenye mwanga, utaona mshono ukipita katikati ya unene wa fremu. Ndani ya ukingo kuna vijino vidogo vilivyopangika sawasawa, vikali na vya kina. Bandia iliyomiminwa kwenye kalibu kwa mkupuo mmoja haina mshono, vijino vyake vimelainika, na juu yake kuna vishimo kama vya mchanga. Sumaku husaidia pia, ingawa si dawa ya kila kitu, kwa kuwa baadhi ya misalaba halisi ilipewa viini visivyo vya chuma.

Kwenye beji, madini ndiyo yanayosema. Beji ya mashambulizi ya askari wa miguu, iliyoanzishwa Desemba 1939, mwanzoni ilitengenezwa kwa tombaki, aina ya shaba inayoshika vizuri rangi ya fedha. Vita viliposonga, viwanda vikahamia kwenye zinki, na ile rangi ikachakaa ikaacha kijivu. Utepe nao uweke chini ya taa ya urujuanimno: nyuzi zikiwaka kwa weupe mkali, utepe huo karibu hakika ni wa baada ya vita, hata kama msalaba wenyewe ni wa zamani.

Yote hayo yanakwambia kitu kilitengenezwa lini. Nani alikivaa ni swali jingine kabisa, na hapo ndipo ninapowakasirikia wauzaji. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam 1904, akatumikia jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki akiwa bado mtoto, baadaye akafundisha Kiswahili Berlin. Mwaka 1934 aliomba Msalaba wa Heshima wa wapiganaji, akakataliwa. Zipo picha zake akiwa na nishani kifuani, na huenda nishani hizo alizinunua dukani. Alifia kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Hakuna lupa, kile kioo cha kukuzia, itakayoona tofauti kati ya msalaba wa dukani wa mtu kama yeye, aliyekuwa vitani kweli akanyimwa haki yake, na wa mtu aliyekabidhiwa pamoja na cheti.

Kama nyumbani kwenu kuna nishani ya babu aliyekuwa askari wa Mjerumani, tafadhali msiisugue kwa majivu wala kwa dawa ya kung'arisha shaba. Mnafuta alama na rangi ya asili kwa pamoja. Pigeni picha mbele, nyuma, ubavuni na kwenye pete, pimeni uzito, na muandike jina la babu na nani aliyewasimulia habari zake, sasa hivi wakati msimulizi bado yupo.